Seva ya MB 512: kabla hujailaumu Ubuntu

Swali: "Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja mkoani Tanga. Shule imekodi seva ndogo iliyoko Ujerumani: RAM ya MB 512, kiini kimoja cha prosesa, diski ya GB 10. Nimeweka mfumo endeshi wa Ubuntu Server, Apache ya kutoa kurasa za wavuti, lugha ya PHP, hifadhidata ya MySQL, na WordPress ya kujengea tovuti. Siku za kawaida inakwenda vizuri, lakini siku tuliyotoa matokeo ya muhula ilianguka mara tatu kabla ya adhuhuri. Fundi mmoja ameniambia Ubuntu ni nzito, nihamie Alpine. Mwingine anasema OpenBSD. Nichague mfumo upi ulio mwepesi? Na ile kompyuta yetu ya Pentium 4 iliyoko stoo, haiwezi kufanya kazi hii tukaacha kulipa kodi?"

Mwalimu, umenirahisishia kazi kwa kutaja RAM, diski na programu ulizoweka, maana wengi huniletea malalamiko matupu. Jibu langu ni Debian 13, iliyosakinishwa bila kitu cha ziada. Lakini ukihamia Debian kisha ukaweka Apache na MySQL vilevile ulivyoviweka kwenye Ubuntu, muhula ujao seva itaanguka tena. Kwa hiyo tuanze na kilichoiangusha, mfumo endeshi tutaufikia.

Leo jioni ingia kwenye seva uandike hivi: `zgrep -i "out of memory" /var/log/kern.log*`. Sitashangaa ukikutana na mstari unaofanana na huu: `Out of memory: Killed process 812 (mysqld)`. Maana yake RAM iliisha, kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, ikatafuta nani anakula zaidi, ikamuua ili mashine nzima isizime. Aliyeuawa ni MySQL, na tangu dakika hiyo WordPress ikawa inawaonyesha wazazi ule ukurasa mweupe unaosema imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata.

Sasa hesabu yake. Apache ikiwekwa pamoja na PHP kwa njia iliyozoeleka hufanya kazi kwa mtindo unaoitwa prefork: kila mgeni anapewa mchakato wake peke yake, yaani nakala ya programu inayoendeshwa kwa ajili yake, na PHP nzima ikiwa ndani ya mchakato huo. Mchakato mmoja wenye WordPress hula kama MB 40; programu-jalizi (nyongeza za WordPress) zikiwa nyingi, unafika 60. Kikomo inachokuja nacho Apache kwenye Ubuntu ni michakato 150. Zidisha 150 kwa 40 upate MB 6,000, na wewe una 512. Tena MySQL 8, kwa mipangilio yake ya kawaida, nimeiona mara nyingi ikishika MB 350 hadi 400 kabla hata mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Siku za kawaida wageni wako ni wawili watatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo shimo hilo halionekani. Siku ya matokeo mamia ya wazazi wanashika simu saa ileile, ukurasa ukichelewa wanaupakia upya, na kila kuupakia upya kunazaa mchakato mwingine.

Utaona kwamba katika hesabu hiyo Ubuntu haijatajwa popote. Kwenye mashine ninazozihudumia, Ubuntu Server iliyotoka kusakinishwa hukaa kwenye MB 150 hadi 200 za RAM. Debian ya kawaida bila mapambo hukaa kwenye 80 hadi 110, na Alpine kwenye 40 au 50. Tofauti kati ya Debian na Alpine ni kama mchakato mmoja na nusu wa ile Apache yako. Ni faida, siikatai, ila haiwezi kukuokoa na upungufu wa MB 5,000.

Ukipima mwenyewe, tumia `free -m` na usome safu ya mwisho, iliyoandikwa `available`. Watu wengi husoma safu ya `free`, wakaona MB 20 wakapatwa na hofu. Linux haiachi RAM ikae bure. Ile isiyotumika huwekea nakala za faili zilizosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi, nakala hizo huondolewa papo hapo. Kisha andika `ps aux --sort=-rss | head` uone ni nani hasa amekalia kumbukumbu yako. Fundi asiyeanza na amri hizi mbili kabla ya kukutajia jina la mfumo, mwambie arudi nyuma kidogo.

Tuje kwa Alpine, kwa sababu aliyekushauri hakukosea kuipenda. Mimi naitumia kila wiki. Imejengwa kwa musl, maktaba ndogo ya C (misimbo ya msingi ambayo programu nyingi huitegemea), badala ya glibc inayotumiwa na Debian, Ubuntu na jamaa zao, na amri zake nyingi zimo ndani ya programu moja ndogo, BusyBox. Ndiyo maana picha yake ya kontena (kifurushi cha kuendeshea programu ikiwa imetengwa) haizidi sana MB 5. Ukiwa na tovuti ya faili tupu za HTML, au programu moja uliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Go, Alpine ni raha tupu: inawaka kwa sekunde chache, na vitu vilivyo ndani ni vichache kiasi kwamba unaweza kuvijua vyote kwa majina.

Ila musl ina gharama zake, na gharama hizo huja usiku. Mwaka fulani nilimwekea mteja programu ya kuchukua nakala akiba, faili moja iliyotayarishwa na kampuni iliyoiuza. Nikaiweka kwenye Alpine, nikaipa ruhusa ya kuendeshwa, nikaiita. Mfumo ukajibu `not found`. Nikaandika `ls -l`: faili ipo, ina MB zake 30, na ruhusa zake ni sahihi. Nikaita tena: `not found`. Nilihangaika hadi saa nane za usiku nikidhani nimekosea njia ya faili. Kilichokosekana hakikuwa ile faili. Programu iliyotengenezwa kwa glibc huanza kwa kutafuta kipakiaji chake, faili inayoiunganisha na maktaba hiyo, `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, na Alpine haina kitu hicho. Ujumbe ulikuwa unazungumzia kipakiaji, lakini haukukitaja jina. Nakueleza hili ili siku likikupata ukumbuke hapa. PHP nayo ina mambo yake juu ya musl: kubadili maandishi kwa `iconv` pamoja na `//TRANSLIT` hakufanyi kazi kama kwenye glibc, na mipangilio ya lugha, hata namna ya kupanga majina kwa alfabeti, ina mipaka. Kwa WordPress yenye programu-jalizi zilizoandikwa na watu waliojaribu kazi yao kwenye Debian na Ubuntu, hayo ni maumivu ya kujitafutia.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa Alpine hawalisemi sana. Alpine hutoa toleo jipya kila miezi sita hivi, na tawi moja huhudumiwa miaka 2. Lakini miaka hiyo 2 ni ya hazina yake kuu ya vifurushi, `main`. Hazina ya pili, `community`, huhudumiwa mpaka toleo linalofuata litoke, basi. PHP imo kwenye `community`. Maana yake ukitaka PHP yenye marekebisho ya usalama, unapaswa kupandisha mfumo mzima mara 2 kwa mwaka, na kila unapopandisha, jina la kifurushi cha PHP linaweza kuwa limebadilika namba, ukaenda kurekebisha mipangilio. Mtu ambaye kazi yake ni seva hilo halimsumbui. Wewe una vipindi, una madaftari ya kusahihisha, una zamu.

OpenBSD naiheshimu sana. Ndiko ilikotoka OpenSSH, ambayo wewe na mimi tunaitumia kuingia kwenye seva zetu kila siku, na ina seva yake ya wavuti, `httpd`, inayokuja pamoja na mfumo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2014. Ingekaa kwenye MB 512 bila shida. Lakini kila toleo lake huhudumiwa mwaka mmoja tu, wakodishaji wengi wa seva ndogo hawakuwekei tayari, na amri zake si zile ulizozifundisha darasani.

Sasa kwa nini Debian. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Itahudumiwa kikamilifu miaka 3, kisha miaka mingine 2 ya huduma ya muda mrefu, mpaka 2030. Katika muda huo wote PHP yake itabaki kuwa 8.4 na MariaDB yake 11.8, kinachobadilika ni viraka vya usalama tu. Unaweza kuweka kifurushi cha `unattended-upgrades` kikaviingiza chenyewe usiku, na asubuhi usikute mipangilio yako imevurugwa. Wakati huohuo ni mfumo ule ule unaoujua: amri ya kusakinisha programu, `apt`, ni ile ile, faili ziko mahali pale pale, kwa sababu Ubuntu imejengwa juu ya Debian.

Nina sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwalimu, wewe ni mtumishi. Barua ya uhamisho ikija mwakani, ukapangiwa Sumbawanga, nani anabaki na seva hii? Niliwahi kuitwa kwenye taasisi moja ambako kijana hodari alijenga seva nzuri sana kwa mfumo aliouchagua kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko yote. Akapata kazi kwingine. Kwa zaidi ya miaka 3 hakuna aliyethubutu kuigusa, hata kuisasisha, na nilipofika kulikuwa na watu wa nje wanaoitumia kutuma barua pepe za utapeli. Kijana yule hakufanya kosa la kiufundi hata moja. Ila mrithi wake hakuwa na pa kuanzia. Debian na Ubuntu zinafahamika; ukiuliza vyuoni au kwa mafundi wa mjini, utampata wa kuishika. Kwa seva ya shule, mimi wepesi naupima hapo kwanza kabla ya kuhesabu megabaiti.

Twende kwenye kuipanga, maana hapa ndipo RAM yako itapatikana. Achana na Apache, weka nginx. Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004 kwa ajili ya tatizo hili hili la wageni wengi kwa pamoja: mchakato mmoja unahudumia wageni kwa maelfu, kwa sababu haumpi kila mmoja mchakato wake. Kwenye mashine yako itakula MB 10 hivi. PHP iwe pembeni, huduma inayojitegemea iitwayo `php8.4-fpm`. Fungua `/etc/php/8.4/fpm/pool.d/www.conf`, weka `pm = ondemand` na `pm.max_children = 4`. Namba hiyo 4 ndiyo moyo wa mambo yote. Michakato 4 kwa MB 40 ni 160, haitazidi hapo hata wakija wazazi elfu. Wa tano atasubiri kwenye foleni sekunde moja au mbili, na kusubiri kunavumilika kuliko ule ukurasa mweupe.

Badala ya MySQL, weka MariaDB. WordPress haitajua tofauti. Katika `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf` punguza `innodb_buffer_pool_size` kutoka 128M inayokuja nayo hadi 32M, na `max_connections` kutoka 151 hadi 20. Itatulia kwenye MB 110 hivi. Sasa jumlisha: Debian 90, nginx 10, PHP 160, MariaDB 110, jumla 370. Kati ya 512 zako, kerneli huchukua sehemu yake mapema, kwa hiyo `free -m` itakuonyesha kama 470. Zinabaki 100 za kuwekea nakala za faili, na hizo zinatosha. Ongeza faili ya swapu ya GB 1 (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kama tairi la akiba, na `vm.swappiness=10` ili isiguswe ovyo. Swapu ikianza kutumika muda wote, jua umekosea hesabu mahali. Usiiongeze, punguza kinachokula.

Debian 13 ina mtego mmoja kwa mashine ndogo. Kuanzia toleo hili, `/tmp` haiko tena kwenye diski, iko kwenye RAM, na inaruhusiwa kujaa hadi nusu ya RAM yote. PHP huweka humo faili zinazopakiwa kabla ya kuzihamisha. Mwalimu wa michezo akipakia video ya MB 100 ya mahafali, umepoteza MB 100 za RAM mpaka upakiaji uishe. Andika `systemctl mask tmp.mount`, washa upya, na `/tmp` itarudi kwenye diski. Diski yenyewe ni GB 10 tu, kwa hiyo weka `SystemMaxUse=50M` katika `/etc/systemd/journald.conf`, la sivyo logi (rekodi za matukio ya mfumo) zitapanuka mpaka asilimia 10 ya diski.

Usalama nausema kwa kifupi kwa kuwa naamini unaujua: ingia kwa ufunguo wa SSH na uzime nenosiri, acha wazi milango ya 22, 80 na 443 peke yake, cheti cha HTTPS kiwe cha Let's Encrypt kinachojihuisha chenyewe. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Ukiiambia ijiwashe upya saa 04:00 baada ya masasisho ukitarajia ni saa kumi alfajiri, kwa Tanga itakuwa saa moja asubuhi, wakati watu wameshaanza kazi. Andika kwanza `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`.

Na sasa matokeo yenyewe. Ningekuomba usiyapitishe kwenye WordPress kabisa. Orodha ya matokeo haibadiliki baada ya mkuu wa shule kuisaini. Hakuna haja ya kuiuliza hifadhidata jambo lile lile mara elfu. Kitabu chako cha alama kiko kwenye lahajedwali: kigeuze kuwa ukurasa mmoja wa HTML kwa kila darasa, uweke kwenye folda kama `/var/www/matokeo`, na uiambie nginx iyatoe moja kwa moja. Ukurasa wa wanafunzi 200, maandishi matupu bila picha, ni kama KB 30, na ukiubana kwa gzip unashuka sana. Mzazi mwenye bando dogo ataupata haraka, na seva haitahisi kitu. PHP inaweza hata kuwa imezimwa, matokeo yakaendelea kutoka. Tumia namba ya mwanafunzi, usiweke jina. Hata matokeo ya kidato cha nne hutolewa kwa namba ya mtahiniwa, na mtoto aliyepata sifuri ya hisabati hastahili jina lake kusomwa na mtaa mzima.

Ile Pentium 4 iache stoo, au wape wanafunzi waifungue waone kilichomo. Nyingi kati ya hizo ni za biti 32, na Debian 13 haitoi tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili yake. Lakini hata ingekubali, fikiria umeme. Mashine ya aina hiyo ikivuta wati 100 mchana na usiku, ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Linganisha na kodi ya seva kabla hujasema umeokoa. Hapo bado hujanunua betri ya kuibeba umeme ukikatika, na bado intaneti ya shule haijatosha kuwahudumia wazazi wote kwa pamoja, kwa sababu mwendo wa kupakia kutoka shuleni kwenda nje kwa kawaida ni mdogo kuliko ule wa kupakua.

Usihame kwa kufuta ya zamani. Kodi seva ya pili yenye Debian kwa mwezi mmoja, ipange kama nilivyoeleza, uhamishe nakala ya hifadhidata na picha. Jumamosi moja, kutoka kompyuta nyingine, andika `ab -n 500 -c 50` (maombi 500, 50 kwa wakati mmoja) ikifuatiwa na anwani ya seva mpya, huku dirisha la pili likiwa na `watch free -m`. Safu ya `available` ikishuka kisha ikasimama bila kufika chini, umefaulu. Ikiendelea kuteremka, punguza ile `pm.max_children` iwe 3 ujaribu tena. Jaribio likifaulu, siku moja kabla ya kuhama shusha muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi za DNS (zinazounganisha jina la tovuti na anwani ya seva) hadi sekunde 300, kesho yake elekeza jina la shule kwenye anwani mpya. Ya zamani iache ikiwaka siku 2 au 3, ukiitazama kwa `tail -f /var/log/apache2/access.log`. Wazazi wakishaacha kuonekana humo, yamebaki maboti tu (programu zinazozurura mtandaoni zenyewe), chukua nakala ya mwisho ya hifadhidata, uilete kwenye kompyuta ya ofisini, ndipo uifunge.